UZI: Kwa nini taifa kubwa kama China linakosa usingizi kwa ajili ya Mlango wa Malacca

#1 Mleta uzi

Wanajukwaa, habari za jioni.

Kila wiki humu kuna uzi kuhusu China, na karibu zote zinaishia pale pale: ama China itaitawala dunia kabla watoto wetu hawajamaliza shule, ama itaporomoka kesho kutwa. Mimi si msomi wa siasa za kimataifa. Nilikuwa baharia wa meli za mizigo kwa miaka kumi na moja, na China ninayoijua niliijua kutokea majini. Kuna jambo moja nililiona huko ambalo naamini usipolielewa hutaelewa kwa nini taifa lenye nguvu kiasi kile linatenda kama mtu mwenye wasiwasi.

Jambo lenyewe ni Mlango wa Malacca.

Ukitokea Bahari ya Hindi unaiacha Sumatra kulia na Malaysia kushoto. Mwanzo bahari ni pana, nchi kavu huioni. Kisha pande zote mbili zinaanza kukusogelea. Ukikaribia Singapore, kwenye mkondo wa Phillip, upana umebaki kama kilomita 2.8, na kuna sehemu za njia kuu ambazo kina chake ni mita 25 tu. Meli zaidi ya 80,000 hupita pale kwa mwaka. Zamu yangu ilikuwa saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri. Mbele taa, nyuma taa, ubavuni taa, kama foleni ya malori pale Tunduma, ila "lori" moja hapa lina urefu wa zaidi ya mita 300 na likitaka kusimama linahitaji kilomita kadhaa.

Kukicha ndipo unaziona vizuri meli za mafuta. Zinazokwenda mashariki zimelala majini kwa uzito. Zinazorudi zimeinuka, rangi nyekundu ya tumbo iko nje. Zile kubwa hubeba mapipa milioni 2 kila moja. Sasa chukua kalamu: mwaka 2023 China iliagiza mafuta ghafi yapatayo mapipa milioni 11 kwa siku. Hata ukitoa yanayoingia kwa mabomba kutoka Urusi na Kazakhstan, bado ni meli baada ya meli, kila siku ya Mungu, na sehemu kubwa yake hutoka Ghuba na Afrika na kupita kwenye kilomita zile 2.8.

Nchi hii hadi miaka ya themanini ilikuwa ikiuza mafuta nje. Mwaka 1993 ndipo mizani ilipogeuka, ikaanza kununua kuliko inavyouza. Mwaka 2017 iliipita Marekani na kuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani. Viwanda, malori, mbolea, plastiki, vyote vinakunywa kutoka kwenye kisima kilicho mbali, na njia ya kwenda kisimani inapita uani kwa watu wengine. Rais Hu Jintao alilizungumzia hili kwa viongozi wenzake Novemba 2003, na tangu hapo wachambuzi wanaliita kwa jina moja: mtanziko wa Malacca.

#2 Mleta uzi

Naendelea. Kuna watakaosema hofu hii ni ya kubuni, kwani nani atathubutu kumfungia China njia? Mwaka ule ule wa 1993 lilitokea jambo ambalo mabaharia wa Kichina wa rika langu walikuwa wakilisimulia kwa uchungu hadi leo.

Meli yao ya makontena, Yinhe, ilikuwa inaelekea Ghuba. Marekani ikasema imebeba kemikali za kutengenezea silaha za sumu, zinakwenda Iran. China ikakanusha. Manowari za Kimarekani zikawa zinaifuata, bandari zikaogopa kuipokea, na meli ikabaki inaelea baharini zaidi ya wiki 3, maji na chakula vinapungua. Mwisho China ikakubali ikaguliwe Dammam, Saudi Arabia, wataalamu wa Kimarekani wakiwepo. Yakafunguliwa makontena. Kemikali zile hazikuwemo. Marekani haikuomba radhi.

Mimi nimewahi kukaa nangani siku tisa tukisubiri karatasi za bandari moja, na najua hali ya watu inavyokuwa melini maji yakianza kupimwa kwa kikombe. Kwa hiyo nikiwasikia Wachina wakiitaja Yinhe, siwaoni kama watu wenye kinyongo cha bure. Pale walijifunza kwamba bahari ina mwenyewe, na mwenyewe si wao.

Machi 1996, wakati China inarusha makombora karibu na Taiwan, Rais Clinton alipeleka makundi mawili ya manowari zenye meli za kubeba ndege za kivita. Beijing haikuwa na cha kujibu. Mei 1999 mabomu ya NATO yakapiga ubalozi wao Belgrade, wakafa Wachina watatu. Weka na historia ndefu nyuma yake: Vita vya Afyuni vya 1839 hadi 1842 vililetwa na meli, Hong Kong ikachukuliwa kwa meli, na waliochoma Kasri la Majira ya Joto mwaka 1860 walifika kwa meli. Balaa lao kubwa la karne ya 19 liliingilia baharini, na mtoto wa Kichina anafundishwa hivyo tangu shule ya msingi.

Hofu yao ni ya kweli. Ugomvi wangu ni na dawa wanayoinywa.

#3 Mchangiaji (Dodoma)

Mkuu mleta uzi, darasa zuri. Ila nadhani habari zako ni za zamani kidogo. China imeshajenga mabomba Myanmar, Pakistan ina Gwadar, Urusi nayo inawapa mafuta kwa bomba. Hiyo Malacca wameshaikwepa, au siyo?

#4 Mleta uzi

Ahsante mkuu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, tuhesabu pamoja.

Bomba la Myanmar linaanzia bandari ya Kyaukphyu, lina urefu wa kilomita 771 ndani ya Myanmar, na lilianza kupitisha mafuta ghafi mwaka 2017. Uwezo wake ni tani milioni 22 kwa mwaka, kama mapipa 440,000 kwa siku. Bomba la Urusi linaloingia Daqing, kaskazini mashariki mwa China, lilianza 2011 kwa mapipa 300,000 hivi kwa siku, na 2018 likaongezwa mara mbili. Ukiweka na la Kazakhstan, bado hujafika hata robo ya ile milioni 11.

Halafu tazama hilo la Myanmar. Mafuta yake yanatoka wapi? Ghuba, kwa meli, kupitia Bahari ya Hindi. Limeikwepa Malacca lakini halijaikwepa bahari. Na likishaingia nchi kavu linapita kwenye taifa ambalo tangu mapinduzi ya Februari 2021 liko vitani lenyewe kwa lenyewe. Bomba halikimbii, mkuu. Meli ikisikia hatari inageuza.

Gwadar ni bandari, na barabara zake zinapanda milima ya Karakoram, njia ya Khunjerab iko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Kusukuma mafuta ya taifa zima kupanda pale ni gharama isiyosemeka. Wanapenda kuichora kwenye ramani kwa mshale mnene, lakini mafuta hayapiti kwenye mshale.

Nikupe na upande wa pili, ili nisionekane navutia kwangu. Kuifunga Malacca nako si rahisi kama wanavyosema watu wa Washington. Meli inaweza kuzunguka kwa Mlango wa Lombok, Indonesia, kule maji ni ya kina kirefu, inaongeza siku chache tu. Na meli moja ya mafuta inaweza kuwa na mwenye mali Mgiriki, bendera ya Liberia, mabaharia Wafilipino na Wahindi, na mzigo ukauzwa mara mbili ikiwa safarini. Utajuaje huu ni wa China na ule ni wa Japani au Korea Kusini, ambao ni marafiki zako mwenyewe?

Sisi mabaharia tunajua njia hufungwa na nini kwanza. Hufungwa na bima. Angalieni Bahari ya Shamu tangu Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kurushia meli makombora: hakuna aliyeweka kizuizi cha manowari pale, lakini bima ya vita ilipopanda, kampuni kubwa zikageuza zenyewe kwenda kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Vita vikianza Taiwan, hakuna haja ya kuifunga Malacca. Siku hiyo hiyo bima za meli zinazokwenda Shanghai, Ningbo na Shenzhen zitapanda hadi nahodha aombe kushushwa.

#5 Mchangiaji (Guangzhou)

Kaka baharia, shikamoo kwa umri na kwa safari. Mimi niko huku Guangzhou mwaka wa nane, nasafirisha mizigo ya watu wa Kariakoo na Eastleigh. Naomba niongeze la huku mtaani maana nyie mnaongea meli tu.

Kimya cha barabara ndicho kinachonishangaza huku. Jirani yetu Shenzhen mabasi yote ya mji, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya umeme kufikia mwisho wa 2017, teksi zikafuata. Sasa hivi karibu nusu ya magari mapya yanayouzwa China ni ya umeme au yale ya kuchanganya. Watu wanasema ni mazingira, hewa safi. Mimi nikisoma uzi wako nimewaza, au hii nayo ni habari ya Malacca?

#6 Mleta uzi

Marahaba dada, na ubarikiwe, maana umetaja kile nilichotaka kukiacha mwisho.

Ni habari ya Malacca kabisa. Umeme wa China kwa sehemu kubwa unatoka kwenye makaa ya mawe yao wenyewe, nchi moja ile inachimba zaidi ya nusu ya makaa ya dunia, pamoja na maji, upepo na jua. Hewa tuiache pembeni kidogo. Kiusalama, kila basi linalochajiwa ni dizeli ambayo haihitaji kupita mbele ya manowari ya mtu. Kwa maoni yangu betri zimeilinda China kuliko meli zake zote tatu za kubeba ndege za kivita, Liaoning ya 2012, Shandong ya 2019 na Fujian iliyoingia kazini Novemba 2025. Na betri haimtishi jirani yeyote.

Ila zisiwape usingizi mzito. Maharage ya soya, tani zaidi ya milioni 100 kwa mwaka, chakula cha nguruwe na kuku wao, yanatoka zaidi Brazil na Marekani, yote kwa meli. Na chipu za kompyuta: mwaka 2021 waliagiza za zaidi ya dola bilioni 400, kuliko pesa waliyolipia mafuta ghafi. Oktoba 2022 Marekani ilipobana uuzaji wa chipu za hali ya juu na mashine za kuzitengenezea, haikuhitaji manowari hata moja. China nayo imejibu kwa kubana madini adimu, ambayo inasafisha kama asilimia 90 ya yale ya dunia nzima. Milango imekuwa mingi kuliko ile ya maji.

#7 Mchangiaji (Mombasa)

Wazee, nauliza kwa nia njema. Hili latuhusu nini sisi? Mafuta yetu yatoka Ghuba moja kwa moja, hayapiti huko.

#8 Mleta uzi

Mafuta hayapiti, mzigo unapita. Kila kontena la dada yetu wa Guangzhou linalokuja Mombasa au Dar, vigae, simu, vitenge, vipuri vya pikipiki, linapita Malacca likija huku. Bima ikipanda kule, bei inapanda Kongowea.

Na kuna historia inayowahusu hasa watu wa mwambao. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga kwa mfalme wa China. Ulikuwa wakati wa safari za Zheng He, amiri wa meli za mfalme huyo, saba kwa jumla, 1405 hadi 1433. Ghala lake kubwa la njiani lilikuwa wapi? Malacca. Wakati huo mlango ule haukuwa hofu kwa China, kwa kuwa mwenye mlango alikuwa rafiki: mtawala wa Malacca mwenyewe alisafiri hadi kwa mfalme wa Ming mwaka 1411 na kupokewa kwa heshima, akapata ulinzi dhidi ya Siam, Thailand ya leo. Sisemi Zheng He alikuwa mtume wa amani. Alipigana Palembang, kule Sumatra, mwaka 1407, na Sri Lanka alimkamata mtawala wao akaenda naye. Lakini Malacca aliipata kwa urafiki wenye faida pande zote mbili, na meli zake zikalala salama pale miaka yote ile.

#9 Mchangiaji (Arusha)

Mleta uzi, unazunguka. Umesema ugomvi wako ni na dawa wanayoinywa. Dawa gani? Taja.

#10 Mleta uzi

Sawa mkuu, nataja.

Dawa ni kutafuta usalama kwa kumsogelea jirani hadi mlangoni kwake. Mfano mkubwa ni Ufilipino, na naomba mnivumilie, hapa nina mengi, maana nusu ya mabaharia niliofanya nao kazi walikuwa Wafilipino, tumekula wali sahani moja.

Septemba 1991 Seneti ya Ufilipino ilipiga kura kukataa mkataba wa kambi ya Marekani ya Subic. Mwaka uliofuata Wamarekani wakafunga virago. Fikiria zawadi hiyo kwa China: kambi kubwa kabisa ya wanamaji wa Marekani katika eneo lile imeondolewa bila risasi, na walioiondoa ni Wafilipino wenyewe kwa uzalendo wao.

China ikafanya nini? Mwaka 1995 ikajenga kwenye Mwamba wa Mischief, ndani ya eneo la kiuchumi la Ufilipino. Mwaka 2012 ikaushika Mwamba wa Scarborough, kama kilomita 220 kutoka Luzon, kisiwa kikuu cha Ufilipino, na wavuvi wakaanza kufukuzwa. Kuanzia 2013 ikamwaga mchanga juu ya matumbawe ya visiwa vya Spratly, Bahari ya China Kusini, hekta kama 1,300, ikajenga viwanja vya ndege Fiery Cross, Subi na huko huko Mischief. Mahakama ya usuluhishi ikatoa uamuzi Julai 12, 2016: dai la China la haki za kihistoria ndani ya ile mistari tisa inayoichora kwenye ramani kudai karibu bahari hiyo yote halina msingi kisheria. China ikakataa kuutambua.

Wakati huo Duterte alikuwa ndiyo kwanza ameingia madarakani kama rais wa Ufilipino. Akaiweka hukumu kabatini, akaenda Beijing, akasema anaachana na Marekani, mwaka 2020 akatoa notisi ya kuvunja mkataba wa kuruhusu wanajeshi wa Kimarekani kutembelea nchi. Nafasi ya pili hiyo. Lakini boti za China ziliendelea kusongamana kwenye miamba ile, na 2021 Duterte huyo huyo akairudisha ile notisi nyuma. Mwaka 2023 serikali ya Marcos, rais aliyemfuata, ikaongeza kambi nne za kutumiwa na Wamarekani, jumla tisa, baadhi ziko Cagayan, kaskazini kabisa, zinatazamana na Taiwan.

Kwa hiyo Wamarekani waliofukuzwa na Seneti mwaka 1991 wamerudi, na China ndiyo iliyowafungulia. Nilikuwa naye bosun (msimamizi wa mabaharia wa sitaha) mmoja wa Kifilipino, mtu mzima, kijana wake alikuwa mvuvi. Ujana wake aliandamana dhidi ya kambi ya Subic. Siku moja ananiambia tukiwa tunafunga kamba kwamba sasa akipiga kura anatafuta mgombea atakayewarudisha. Alisema kwa huzuni, hakuwa anafurahia.

#11 Mchangiaji (Dodoma)

Hapo mkuu umenigusa. Na India je?

#12 Mleta uzi

India ni hadithi ile ile kwa milima. Visiwa vya Andaman na Nicobar vimekaa mdomoni kabisa mwa Malacca upande wa magharibi, Nicobar Kubwa iko chini ya kilomita 200 kutoka Aceh, na 2012 India ilifungua kituo cha ndege za jeshi la majini kule kusini mwake. Huyo ndiye bawabu wa upande ule. Mwenye akili angemtunza bawabu. Juni 2020 kule bonde la Galwan, Himalaya, wanajeshi wa pande mbili wakapigana kwa marungu na mawe gizani, wakafa Wahindi 20, na China baadaye ikakiri wanne wa kwake. Kwa ajili ya mabonde yasiyoota kitu. Novemba mwaka huo huo Australia ikarudi kwenye mazoezi ya kijeshi ya baharini yaitwayo Malabar pamoja na India, Marekani na Japani, jambo ambalo India kwa miaka mingi ilikuwa inalikwepa ili isiiudhi Beijing. Oktoba 2024 walikubaliana kuhusu doria za mpakani, ni heri, lakini imani haijarudi ilipokuwa.

Japani nayo, taifa lililoapa kutopigana, Desemba 2022 iliamua kupandisha matumizi ya ulinzi hadi asilimia 2 ya pato lake. Vietnam, yenye vidonda vyake vya vita vya Marekani, Septemba 2023 iliipandisha Marekani ngazi ya juu kabisa ya uhusiano wake.

Marekani ina makosa yake makubwa, na uzi wake nitauleta. Lakini ramani hii ya mzingo ambayo China inailalamikia, nusu yake imeichora yenyewe.

#13 Mchangiaji (Arusha)

Nimekuelewa, na nakubali sehemu kubwa. Swali la mwisho: ungekuwa wewe unamshauri Xi, ungeanzia wapi? Usiseme Taiwan, maana hiyo hawaachii.

#14 Mleta uzi

Nisingegusa Taiwan. Ningeanzia Scarborough.

Ile hukumu ya 2016 haikusema mwamba ule ni wa nani. Ilisema wavuvi wa Kifilipino wana haki ya jadi ya kuvua pale, na ilitambua kwamba Wachina nao wanayo. Kwa hiyo Beijing inaweza kuwaacha wavuvi waingie bila kutamka kwamba imeitambua hukumu, bila kushusha bendera, bila kuachia jiwe lolote. Iondoe kizuizi cha maboya, irudishe nyuma zile meli zenye mizinga ya maji, na boti za mbao za kutoka Zambales, pwani ya Luzon, ziingie kwenye maji tulivu yaliyozungukwa na mwamba kukwepa dhoruba kama zilivyofanya kwa miaka mingi. Nafasi ipo, wavuvi wa Hainan, kisiwa cha China, nao wavue upande wao.

Kijana wa yule bosun alikuwa anavua huko. Mara ya mwisho tulipowasiliana, boti alikuwa ameshaiuza.

Kuna aliyeniuliza kwenye meseji kuhusu Mlango wa Hormuz, pale mdomoni mwa Ghuba; nitamjibu kesho, usiku huu nina zamu ya kulinda gati.